Sungura Apeleka Chumvi Milimani

Sogeeni karibu, maana habari hii naisimulia kwa sauti ya chini. Jamaa zangu wa mjini hawapendi kuisikia, na wa milimani wakiisikia hucheka hata mahali ambapo na wao wanasemwa.

Ulikuwa mwaka ambao mvua za vuli hazikuja kabisa, na za masika zikaja siku mbili tu, kama mgeni aliyekosea nyumba. Nyasi zikageuka majivu. Nyati walikufa wamesimama. Katika nchi nzima ya nyika ilibaki chemchemi moja tu, juu milimani, na kutoka hapo mfereji mrefu wa udongo ulishuka, ukauzunguka mgongo wa mawe unaoitwa Kigongo, ukafika chini kwenye magofu ya kiwanda cha mkonge kilichoachwa zamani.

Katika magofu hayo waliishi kanga, panya, nyani, vicheche na Sungura. Walipaita Mjini. Walikuwa na nusu ya paa la bati, ukuta mmoja wa saruji, na makopo matupu ya kunywea maji, na kwa vitu hivyo vitatu walijiona wameendelea kupita viumbe wote. Wanyama wa milimani, akina nungunungu, pelele, ngiri na digidigi, waliwaita wala mizizi. Wale wa milimani nao waliwaita hawa wanywa kopo, na wakilitaja jina hilo walitema mate pembeni.

Ikafika siku mfereji ulileta maji ya kujaza kopo moja tu asubuhi na kopo moja jioni. Bi Kanga, aliyekaa chini ya ukuta wa saruji na vifaranga tisa, alizika wawili katika wiki moja. Mjini wakasema wala mizizi wameziba maji. Milimani nako chemchemi ilikuwa imepungua nusu, na wakasema wanywa kopo wanayavuta yote kwenda kuogea.

Wakapeleka mashtaka kwa Simba. Simba aliwasikiliza akiwa amelala ubavu, akitazama mbali ili wamwone vizuri kutoka upande.

"Mimi ni mfalme wa nyika," alisema. "Si fundi wa mifereji. Chagueni wenyewe msimamizi wa maji. Kila mmoja kokoto moja, pande zote mbili kwa pamoja. Mwezi ukiandama nitakuja kuwatangazia mliyemchagua, na mtanishukuru kwa wazo hili."

Kesho yake Fisi alifika kwa Sungura akitafuna kitu, kama kawaida yake.

"Ndugu yangu," alisema Fisi, "nagombea usimamizi wa maji. Mimi ni mtoto wa hapa hapa Mjini, unanijua. Ila maneno sina. Na nani asiyejua kwamba akili zote za nyika hii zinakaa kati ya masikio yako mawili?"

Sungura alikuwa mjanja, hilo halina ubishi. Lakini mjanja akisifiwa ujanja wake hulegea kama ugali usioiva. Hakuuliza Fisi alikuwa akilala wapi siku hizi, wala kwa nini tumbo lake lilikuwa nene mwaka ambao kila mtu mbavu zilikuwa zikihesabika. Alifumba macho, akajikuna kidevu, akamtungia hotuba papo hapo.

"Sema hivi," alisema. "Ndugu zangu! Wale wa milimani ni wazito kama magogo. Masikio yao yamejaa udongo. Ukiwaambia tuna kiu, wao wanasikia kiuno, wanaanza kucheza ngoma! Hao ndio wa kutushikia maji? Nipeni mfereji mimi, nanyi mtakunywa hadi mtosheke. Wao walambe umande!"

Fisi alicheka mpaka kipande cha mfupa kikamtoka mdomoni, akakiokota, akakirudisha. Siku ya mkutano Mjini walicheka vilevile. Sungura aliketi juu ya pipa akiwaonyesha kwa mkono mahali pa kupiga makofi. Bi Kanga peke yake hakucheka. Alikuwa akikipepea kifaranga kilicholegea shingo. Sungura alimwona, akasema moyoni kwamba maskini, hakuelewa utani.

Kulikuwa na jambo moja lililomsumbua Sungura. Wa milimani walikuwa wengi kuliko wa Mjini. Kokoto zao zingetosha kumwangusha Fisi. Alipomtajia habari hiyo na kumwuliza kama apande kuzungumza nao, Fisi alishtuka.

"Usiende kule! Wametega mitego njia nzima ya mfereji. Watakuchuna ngozi, ndugu yangu."

Lakini Sungura alikwisha kupata wazo, na wazo likishamwingia halitoki. Alijua, kama kila mtu Mjini alivyojua, kwamba mtu wa milimani humpa kura yeyote atakayemletea zawadi. Basi alichukua bonge la chumvi lililosalia kwenye ghala la kiwanda, akalifunga mgongoni, akapanda kwa njia ya mkato kupitia mawe, mbali na mfereji na mitego yake. Hakumuaga Fisi. Alitaka kumshangaza kwa ushindi.

Alifika juu jua likiwa la utosini, ulimi nje, miguu imechubuka, na chumvi ikimwasha kila palipochubuka. Nje ya shimo lake alimkuta mama wa makamo, Bi Nungunungu, akichambua mizizi. Sungura hakuamkia. Alisimama wima, akapaza sauti, akasema polepole kama anayezungumza na kiziwi.

"MI-MI. RA-FI-KI. NI-ME-LE-TA. ZA-WA-DI."

Bi Nungunungu alimtazama kwa huruma. Akachukua jani, akaliinua juu.

"HI-LI," alisema polepole vilevile, "NI JA-NI. TU-NA-LI-LA. Usiogope, mwanangu. Najua kwenu mnakula kutu."

Wakatazamana.

"Unasema Kiswahili vizuri," alisema Sungura.

"Na wewe umejitahidi," alisema Bi Nungunungu. "Kwenu shikamoo hamna?"

Masikio ya Sungura yalishuka kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti. Hicho ulichobeba ni nini?"

Sungura alilifungua bonge kwa mbwembwe. Bi Nungunungu alilinusa, akalilamba kwa ncha ya ulimi.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "hapa wajukuu zangu wanalala na kiu. Umetoka huko kote, umepanda jua hili, kutuletea chumvi?"

Sungura alianza kulifunga bonge lake tena.

"Hatushangai," aliendelea Bi Nungunungu, akimsogezea kipande cha mzizi wenye maji. "Mgombea wetu alishatuambia mko hivyo. Mtoto wa hapa hapa milimani, mwenye maneno matamu! Ametuambia: wale wa Mjini ni wepesi kama makapi. Masikio yao yamejaa kutu. Ukiwaambia tuna kiu, wao wanasikia kiuno, wanaanza kucheza ngoma! Tulicheka sisi! Pelele mmoja alianguka jiweni."

Sungura aliuweka mzizi chini.

"Halafu akasema," alisema Sungura kwa sauti ndogo, "nipeni mfereji mimi, nanyi mtakunywa hadi mtosheke, wao walambe umande?"

"Kumbe umeisikia!"

"Mgombea wenu ni nani, mama?"

"Fisi. Na ametuonya tusiusogelee mfereji huko chini, maana mmetega mitego."

Sungura aliinuka, akaketi, akainuka tena. Hotuba yake! Maneno aliyoyatunga akiwa amefumba macho, akijiona bingwa, yalikuwa yamebadilishwa udongo kuwa kutu na magogo kuwa makapi, basi, na yamewatosha watu wa upande wa pili kama vazi lililoshonwa kwa kipimo chao. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikuwa akidhani ameeleza ukweli juu ya wala mizizi, kumbe alikuwa ameeleza mtu yeyote ambaye humpendi.

"Mama," alisema, "maji yanatoka hapa kiasi gani?"

"Tumeacha nusu iende, tumebakiza nusu. Sisi si wanyama." Akajirekebisha. "Ni wanyama, lakini wenye adabu."

"Kwetu inafika kopo moja asubuhi, moja jioni."

"Uongo. Mnaoga mara tatu kwa siku, mpaka mikia."

"Mama, sisi hatujaoga tangu mwaka jana. Ninuse."

Bi Nungunungu alimnusa, akaamini mara moja.

Wakashuka pamoja kuufuata mfereji, kila mmoja akimtanguliza mwenzake kwa sababu ya mitego ya mwenzake. Hapakuwa na mtego hata mmoja. Nusu ya njia, mahali mfereji unapouzunguka Kigongo, waliukuta ukingo umebomolewa. Maji karibu yote yalikuwa yakimwagika kwenye korongo lenye kivuli na kutengeneza kidimbwi kizuri. Kando ya kidimbwi palikuwa na nyayo za Fisi, za kwenda na za kurudi, zimekanyagana. Na kulikuwa na mifupa: ya swala, ya ngiri, na mingine midogo ya viumbe waliovutwa na harufu ya maji, wakaja wakiwa dhaifu, wasiondoke.

Bi Nungunungu aliutambua mmoja kwa kwato zake. Alikuwa digidigi jirani yake, ambaye milimani walikwisha kusema ameuawa Mjini.

Miiba yote ilimsimama. "Nakwenda kuwaita watu wangu sasa hivi!"

"Ukiwaita wako, wangu watasema nyinyi ndio mliobomoa," alisema Sungura. "Nikiwaita wangu, wako watasema vivyo hivyo. Nawajua wa kwangu, mama. Niliwafundisha mimi. Wanapaswa kumsikia mwenyewe, kwa mdomo wake."

Aliketi chini na kufikiri. Alipopata la kufanya hakutabasamu kama alivyozoea.

Kesho yake alimwendea Fisi. "Mheshimiwa, Mjini wamekuandalia karamu ya mifupa ya nyati, chini ya Kigongo upande wa mashariki, kesho adhuhuri. Mfupa mmoja wa salamu, mmoja wa hotuba, mmoja wa kuaga. Usipokuwepo zamu ikifika, wanagawana wenyewe."

Saa hiyohiyo Bi Nungunungu alituma neno hilohilo: karamu, mifupa mitatu, upande wa magharibi wa Kigongo, kesho adhuhuri.

Mwingine angechagua upande mmoja. Fisi alikaa akizipima karamu mbili ndani ya tumbo lake moja, akaona anaweza. Kigongo si kirefu, na yeye ana miguu minne.

Adhuhuri ilipofika, wa Mjini walikuwa mashariki na wa milimani magharibi, mawe katikati, hakuna anayemwona mwenzake. Fisi alitokea mashariki amejivika kifuniko cha kopo kifuani. Akaamkia, akapokea mfupa, akasema anakwenda chooni kidogo. Akapanda Kigongo mbio, akateremka magharibi na taji la majani kichwani. Akaamkia, akapokea mfupa, akasema anakwenda chooni kidogo. Akarudi mashariki akihema, taji na kifuniko vyote vikining'inia, mdomo umejaa, na zamu ya hotuba imefika.

"Ndugu zangu!" alisema. "Wale wa Mjini ni wepesi kama makapi!"

Wa Mjini wakapiga makofi.

Sungura, juu ya pipa lake, aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Walikuwa hawasikilizi neno. Walikuwa wakingoja mapumziko ili wapige makofi, kama alivyowafundisha.

"Masikio yao yamejaa kutu!"

Makofi. Nyani mmoja alipiga mluzi.

"Ukiwaambia tuna kiu, wao wanasikia kiuno..."

"Ngoja," ilisema sauti nyembamba. Alikuwa Bi Kanga, amesimama. "Wa Mjini ni sisi."

Makofi yakafa moja moja. Wakaanza kutazamana, na baadhi wakajishika masikio kuhakikisha kama kuna kutu. Fisi alimeza mate na mfupa kwa pamoja, akakimbia kupanda Kigongo. Alipofika magharibi alikuta zamu yake ya hotuba huko, na akili yake ikiwa bado imebaki mashariki alikotoka, akawaambia wa milimani kwamba wale wa milimani ni wazito kama magogo. Huko nako walipiga makofi. Mpaka leo wa milimani wanasema walipiga mara moja tu, lakini Bi Nungunungu aliniambia ni mara tatu.

Pande zote mbili zikapanda Kigongo kwa hasira, moja huku na moja huku, zikimfukuza Fisi. Na juu kabisa zikakutana uso kwa uso.

Hapo habari ingeweza kuharibika. Nyani walikuwa wameshika mawe. Ngiri walikuwa wamekwisha kuinamisha pembe zao za mdomoni. Fisi alikuwa katikati, na kwa kuwa ni Fisi, hata wakati huo akili yake ilifanya kazi upande mmoja tu.

"Mmeona?" alipiga kelele. "Mmeona wamekuja na silaha? Si niliwaambia?"

Na hakuna aliyejua anawaambia akina nani, kwa hiyo wote waliona anawaambia wao.

Sungura alipenya miguuni mwao, akapanda jiwe. Kichwani mwake zilimjia hila sita za kujiokoa yeye na heshima yake. Moja ilikuwa nzuri sana. Kisha akamwona Bi Kanga, na nyuma yake vifaranga sita. Asubuhi ile walikuwa saba.

"Hotuba ile niliitunga mimi," alisema.

Nyani na ngiri wakamgeukia.

"Niliitunga mimi, ile ya udongo. Fisi aliibadilisha maneno machache, ikawa yenu nyinyi wa milimani. Mfereji umebomolewa hapo chini kwenye korongo, naye ndiye aliyeubomoa, mkitaka tukauone sasa hivi. Mnanijua. Mimi ndiye mjanja wa nyika. Fisi alinidanganya kwa sababu aliniambia nilichokuwa nataka kukisikia, kwamba hawa wenzetu ni wajinga. Nilichekea huko hata sikuangalia tumbo lake. Nimewapelekea watu wenye kiu bonge la chumvi." Akamgeukia Bi Kanga. "Wakati wanao wanakufa mimi nilikuwa natafuta neno linalofanana na kiu."

Bi Kanga alimtazama mara moja. Hakumsamehe, si siku ile. Aligeuka tu, akaanza kushuka kuelekea korongoni na vifaranga vyake sita, na ngiri mmoja akampisha njia. Nyani akaliweka jiwe chini. Wakamfuata wote.

Fisi angeweza kutoroka wakati ule, njia ilikuwa wazi. Lakini upande wa mashariki ulikuwa umebaki mfupa wa kuaga, na upande wa magharibi vilevile. Walimkamata akiwa na wa mashariki mdomoni, akikimbilia wa magharibi.

Siku tatu alibebeshwa udongo wa kujenga ukingo. Bi Nungunungu alitembea nyuma yake, na kila Fisi aliposimama kupumzika, Bi Nungunungu alisogea nyuma kidogo na miiba yake, Fisi akakumbuka kazi. Ukingo ulipokamilika na maji yakashuka hadi Mjini, walimfukuza nchi ile. Hata leo ukimsikia analia mbali na makazi ya watu, bado anahutubia, ila hakuna wa kumpigia makofi.

Mwezi ulipoandama Simba alikuja, akautazama mfereji umejaa, akasema kwamba ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo. Walimshukuru, kwani haikugharimu kitu.

Wakapiga kura. Bi Kanga alichaguliwa kwa kokoto za pande zote mbili, akaweka utaratibu kwamba kila wiki mmoja wa Mjini na mmoja wa milimani watembee pamoja urefu wote wa mfereji. Sungura naye alikuwa amegombea. Ndiyo, aligombea, alifikiri baada ya maneno yale ya jiweni watu wangemwona shujaa. Alipata kokoto mbili.

Moja aliijua, aliitia mwenyewe. Ile ya pili ilimpa raha wiki nzima. Alipita kila kichochoro cha Mjini akimwangalia kila mtu machoni, akitafuta ni nani huyo mwenye akili, lakini hakumpata. Mpaka zamu yake ya mfereji ilipofika, akatembea na Bi Nungunungu, na walipopumzika kivulini akamweleza.

"Ni mimi," alisema Bi Nungunungu.

"Wewe, mama!" Kifua cha Sungura kilijaa. "Kwa hiyo uliona nafaa?"

"Hapana. Nilimtaka Bi Kanga, na nilijua atashinda bila kokoto yangu." Alikuwa akimenya mzizi, hata hakuinua macho. "Ila nilikuwa nimeambiwa kwamba mtu wa Mjini akishindwa kwa aibu hapati usingizi. Nikakuonea huruma, mwanangu."

Sungura alivuta pumzi ili amweleze, kwa upole, kwamba hayo ni maneno ya kupakaziana tu, kwamba watu wa Mjini hawako hivyo hata kidogo. Kisha akakumbuka jinsi alivyolala wiki ile nzima, na jinsi ambavyo angelala bila ile kokoto.

"Asante, mama," alisema, akapokea mzizi.